La kuvunda halina ubani: Jinsi ya kuondoa harufu sugu katika chupa za kioo

WAHENGA walisema kuwa la kuvunda halina ubani. Maana yake ni kwamba kitu kikishaoza, hata kikifukizwa manukato ya aina gani, uvundo wake utajitokeza tu. Methali hii hutolewa zaidi kuhusu tabia za binadamu, lakini kwa yeyote anayehifadhi asali, maziwa au samli katika chupa iliyokwisha kutumiwa, huo ni ukweli wa kila siku jikoni.

Mtu hupata chupa nzuri ya kioo, akaiosha kwa sabuni mara mbili tatu, akaianika juani, kisha akaijaza asali. Siku chache baadaye mnunuzi anaifungua na kusikia harufu ya pombe, ya kitunguu saumu au ya kitu kilichochacha. Asali yenyewe haina kosa lolote, lakini sifa yake imekwisha kuharibika, na mnunuzi huyo huenda asirudi tena.

Kwa wakazi wa Entarara na maeneo mengine ya Kaunti ya Kajiado, jambo hili si dogo. Ufugaji wa ng'ombe, mbuzi na nyuki ni nguzo ya maisha ya jamaa nyingi katika kaunti hiyo, na kando ya barabara kuu nchini Kenya si ajabu kuona asali ikiuzwa ndani ya chupa zilizokuwa na mvinyo au pombe kali. Chupa mpya ni ghali kwa mwenye biashara ndogo. Chupa kuukuu hupatikana kwa bei nafuu, na wakati mwingine bure.

Isitoshe, mwelekeo wa sheria nchini umekuwa wa kupunguza matumizi ya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti, 2017. Kuanzia tarehe 5 Juni, 2020, vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja tu, zikiwemo chupa za maji, vilipigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za wanyama, Amboseli iliyoko Kajiado ikiwa miongoni mwazo. Hatua hizo zimewafanya watu wengi kuitazama upya chupa ya kioo iliyokuwa ikitupwa.

Swali linalosalia ni moja: je, harufu iliyoganda ndani ya chupa inaweza kuondolewa kabisa? Jibu ni kwamba mara nyingi inawezekana, mradi anayeosha ajue harufu hiyo imekaa wapi na imetokana na nini. Hata hivyo, zipo chupa ambazo harufu yake haipaswi kuondolewa kamwe, na kutozitambua kunaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Kioo hakinywi harufu

Wengi huamini kwamba kioo "kimekunywa" harufu ya kitu kilichokuwemo. Kioo hakina tabia hiyo. Uso wake ni mgumu na hauna vitundu vya kupenya chembechembe za mafuta au maziwa. Ndiyo maana viwanda vya soda na bia vinaweza kukusanya chupa zile zile, kuziosha na kuzijaza tena mara nyingi bila mnywaji kutambua tofauti.

Ili kulielewa jambo hili, inafaa kukilinganisha kioo na vyombo vingine viwili vinavyojulikana sana katika maboma ya Kajiado, yaani kibuyu na mtungi wa plastiki.

Kibuyu kina vitundu vidogo visivyohesabika. Maziwa hupenya humo na haiwezekani kuyatoa yote kwa maji. Akina mama wa Kimaasai walilitatua tatizo hilo tangu jadi kwa kutumia kijinga cha mti wa oloirien, ambao ni mzeituni mwitu. Kijinga kinachowaka hutiwa ndani ya kibuyu kilichosafishwa, hutikiswa na kusuguliwa huku na huku, kisha masalia yake hufutwa kwa brashi ndefu. Moshi na makaa huua viini vingi, huzuia uvundo na huyapa maziwa ladha inayopendwa. Wakalenjin nao hutumia mkaa wa mti wa senetwet wanapotayarisha mursik. Hapo harufu mbaya haiondolewi tu, bali nafasi yake huchukuliwa na harufu njema.

Plastiki nayo haina vitundu vya kuonekana, lakini ina udugu na mafuta. Chembechembe za mafuta huingia ndani ya plastiki yenyewe na kukaa humo. Mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa unaweza kuoshwa kwa wiki nzima na bado ukanuka pindi jua linapouchoma, kwa sababu joto huzisukuma chembechembe hizo nje tena.

Kioo hakifanani na kibuyu wala plastiki. Kwa hivyo, chupa ya kioo inaponuka baada ya kuoshwa, harufu hiyo inatoka katika mojawapo ya sehemu tatu.

Ya kwanza ni ukoga, yaani utando mwembamba wa mafuta, protini au chumvi za maji magumu ambao hushikamana na kuta za ndani na kuificha harufu. Mara nyingi hauonekani chupa ikiwa na maji, lakini ikikauka na kuelekezwa kwenye mwanga huonekana kama ukungu.

Ya pili ni mahali ambapo brashi haifiki. Chupa nyingi zina mabega yaliyopinda na kitako kilichobonyea ndani. Pembe hizo huhifadhi mabaki hata baada ya katikati kung'aa.

Ya tatu, ambayo husahaulika zaidi, ni kifuniko. Vifuniko vingi vya bati huwa na utando wa plastiki au mpira kwa ndani, na vile vya mvinyo huwa ni vizibo vya gome la mti. Vitu hivyo hunywa harufu kama vile mtungi wa plastiki unavyofanya. Mtu anaweza kuisafisha chupa kikamilifu, kisha akairudishia uvundo wote kwa kuifunga kwa kifuniko chake cha zamani.

Njia rahisi ya kutambua chanzo ni kuiacha chupa wazi usiku kucha na kukiweka kifuniko peke yake katika bakuli lililofunikwa. Asubuhi, kila kimoja kinuswe kivyake. Katika visa vingi kifuniko ndicho kitakachopatikana na hatia, na dawa yake ni kutafuta kipya.

Kila harufu na dawa yake

Kosa la pili ni kudhani kwamba sabuni moja hutosha kwa kila harufu. Harufu ni chembechembe zinazopaa hewani kutoka kwa kitu fulani, na vitu hivyo hutofautiana. Vingine ni vya tindikali, vingine ni kinyume cha tindikali, vingine ni mafuta.

Maziwa yaliyoganda na siki huacha harufu ya uchachu ambayo asili yake ni tindikali. Harufu ya namna hii hutulizwa na kitu chenye sifa iliyo kinyume, kama vile magadi au soda ya mapishi, ile bikaboneti ya unga mweupe inayouzwa madukani. Vitu hivyo viwili vikikutana, tindikali hugeuzwa kuwa chumvi ambayo haipai hewani tena, nayo pua haisikii kitu.

Harufu ya samaki ni kinyume chake. Huhitaji tindikali, na ndiyo sababu mpishi wa Pwani humkamulia samaki ndimu hata kabla ya kumtia chumvi. Chupa iliyokuwa na mchuzi wa samaki husafishwa vyema kwa maji ya ndimu au siki, kisha ikasuuzwa. Siki na ndimu pia huondoa ule ukungu mweupe unaoachwa na maji magumu ya visima.

Mafuta ya kupikia, samli na siagi ya njugu hayayeyuki katika maji. Yanapokaa sana huvunda na kutoa harufu kali. Maji baridi huyasambaza tu. Yanayohitajika ni maji ya moto pamoja na sabuni au magadi, kwa kuwa magadi huyageuza baadhi ya mafuta kuwa kitu kinachofanana na sabuni, kisha yakachukuliwa na maji. Jivu la kuni, lililotumiwa kusugua sufuria tangu zamani, hufanya kazi kwa njia iyo hiyo.

Pombe kali ndiyo rahisi kuondolewa kuliko wengi wanavyofikiri, kwani huchanganyika na maji na hupaa upesi. Inapodumu, mara nyingi chanzo ni kifuniko, au sukari na viungo vilivyotiwa ndani ya kinywaji hicho na kugandamana na kuta.

Achari, kitunguu saumu na viungo vingine vikali huwa na chembechembe ambazo pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa kidogo mno. Zinahitaji kuloweka kwa muda mrefu zaidi, na kwa kawaida kifuniko chake hakifai kutumiwa tena kwa asali wala maziwa.

Magadi, hazina ya Kajiado

Mkazi wa Kajiado hana haja ya kwenda mbali kutafuta dawa ya kusafishia chupa. Ziwa Magadi, lililoko katika kaunti hiyo hiyo, ni mojawapo ya machimbo makubwa ya magadi barani Afrika. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka wa 1911 na leo ni sehemu ya Tata Chemicals. Magadi yaliyochomwa kiwandani huwa unga mweupe ambao husafirishwa kwenda viwanda vya sabuni na, zaidi ya yote, viwanda vya vioo. Kioo cha kawaida cha chupa hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga, magadi na chokaa. Bila magadi, mchanga ungehitaji moto mkali zaidi ili kuyeyuka.

Kwa kusafishia, vijiko viwili vya magadi katika lita moja ya maji ya moto hutosha. Magadi ghafi yanayouzwa sokoni kwa mabonge yasagwe kwanza na kuyeyushwa, na maji yake yachujwe kwa kitambaa ili kuondoa mchanga.

Hata hivyo, kuna tahadhari tatu. Kwanza, magadi ya asili huwa na floridi, madini ambayo yakizidi mwilini huyafanya meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Kwa hivyo ni lazima chupa isuuzwe hadi utelezi wote uishe. Pili, maji ya magadi huwasha macho na kuikausha ngozi, hivyo yashughulikiwe kwa uangalifu. Tatu, yasitumiwe kuloweka vifuniko vya alumini kwani huvila na kuvifanya vyeusi.

Hatua kwa hatua

Kazi yenyewe huanza kwa maji baridi au ya vuguvugu, hasa ikiwa chupa ilikuwa na maziwa. Wengi hukimbilia maji ya moto, lakini joto huipika protini ya maziwa na kuifanya ishikamane na kioo kama yai linavyoshika kikaango. Mabaki yatolewe kwanza kwa maji baridi, ndipo moto ufuate.

Hatua ya pili ni kusugua. Kwa kuwa mkono hauingii ndani, brashi ndefu ya chupa ndiyo bora. Asiye nayo anaweza kutia konzi ya mchele au maganda ya mayai yaliyopondwa pamoja na maji kidogo ya sabuni, akaziba mdomo wa chupa na kuitikisa kwa nguvu kwa dakika mbili tatu. Punje hizo hufika kwenye pembe zote. Mchanga haufai, kwani hukikwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo huwa makao mapya ya ukoga.

Hatua ya tatu ni kuloweka. Chupa ijazwe pomoni kwa maji ya moto yenye magadi au soda ya mapishi na kuachwa usiku kucha. Ni muhimu ijae hadi mdomoni, kwa sababu shingo ndiyo iliyoguswa na kila kitu kilichomiminwa. Maji yasiwe yanatokota na chupa isiwe baridi, la sivyo itapasuka. Inafaa kuipasha kwanza kwa maji ya vuguvugu.

Hatua ya nne ni kusuuza, na hapa ndipo maji mengi hupotea bure. Katika kaunti ambayo ukame wa kati ya mwaka wa 2020 na 2023 uliua maelfu ya mifugo, na ambako maji hununuliwa kwa mtungi, hesabu ndogo inaweza kuokoa mengi.

Tuseme baada ya kumwagwa, mililita 5 za maji machafu husalia zikiwa zimeshika kuta. Mtu akisuuza mara moja kwa mililita 300 za maji safi, uchafu uliobaki hupunguzwa mara 61. Lakini akizigawa mililita hizo hizo 300 mara tatu, yaani mililita 100 kila mara, akatikisa na kumwaga yote kabla ya kurudia, uchafu hupunguzwa mara 21, kisha mara 21 tena, kisha mara 21 tena. Jumla yake ni zaidi ya mara 9,000. Maji ni yale yale, bali matokeo ni tofauti kama mbingu na ardhi. Kinachohitajika ni kukung'uta chupa vizuri kila mara.

Hatua ya tano ni kukausha. Chupa igeuzwe mdomo chini juu ya kichanja, mahali penye jua na upepo, hadi iwe kavu kabisa. Kufunga chupa ingali na unyevu ni kuualika uvundo upya, kwani viini hustawi katika giza na majimaji. Hata ikikauka, ihifadhiwe bila kifuniko hadi siku ya kutumiwa.

Mwisho ni kupima. Harufu hupaa zaidi kukiwa na joto, hivyo chupa inayoonekana safi ijaribiwe kwa kutiwa maji ya moto kidogo, kufunikwa kwa kifuniko kipya, kutikiswa na kunuswa baada ya dakika chache. Isiponuka wakati huo, haitanuka ikiwa na asali. Ikinuka, kazi ya kuloweka irudiwe, na kama asili ya harufu ni samaki au maji magumu, siki itumiwe badala ya magadi.

Makosa yanayorudiwa

Yapo mazoea mengine ambayo yameenea ilhali hayana manufaa, au yana madhara.

Kuchanganya siki na soda ya mapishi kwa pamoja ni mojawapo. Povu linalotokea huwafurahisha wengi na kuwafanya waamini kwamba kazi inafanyika. Ukweli ni kwamba vitu hivyo viwili huuana nguvu, na kinachosalia ni maji yenye chumvi kidogo. Povu huweza kusaidia kung'oa uchafu uliolegea, lakini kwa harufu ni afadhali kimoja kitumiwe, chupa isuuzwe, ndipo kingine kifuate ikihitajika.

Lililo hatari ni kuchanganya siki au ndimu na dawa ya madoa yenye klorini, kama vile Jik. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ambayo huchoma koo na mapafu. Ndani ya jiko dogo lisilo na dirisha, gesi hiyo inaweza kumfanya mtu azirai.

Wengine wamesikia kwamba viwanda vya soda huosha chupa kwa soda kaustiki, nao wakataka kufanya vivyo hivyo nyumbani. Ni kweli viwanda huzipitisha chupa katika maji ya moto yenye kemikali hiyo, lakini kazi hiyo hufanywa na mashine zilizofungwa, na chupa husuuzwa mara kadhaa na kukaguliwa kabla ya kujazwa. Soda kaustiki huunguza ngozi na huweza kupofusha. Haina nafasi jikoni.

Aidha, wapo waliojaribu kuifukiza chupa kwa kijinga cha moto kama kibuyu. Kioo hupasuka kikiguswa na kaa la moto, na vipande vyake vidogo huweza kusalia ndani bila kuonekana. Mbinu iliyokifaa kibuyu kwa karne nyingi haikifai kioo, kwa sababu kioo hakina vitundu vya kushika moshi.

Ikumbukwe pia kwamba kuondoa harufu si kuua viini. Chupa isiyonuka inaweza kuwa na bakteria wa kuharibu maziwa au kumwumiza mtoto tumbo. Chupa ya maziwa, baada ya kusafishwa, ilazwe katika sufuria yenye maji baridi na kitambaa chini yake, kisha maji yachemshwe polepole na kuachwa yatokote kwa dakika 10. Kitambaa huizuia chupa kugongana na sufuria na kupasuka.

Harufu isiyopaswa kuondolewa

Maelezo yote hayo yanahusu chupa zilizokuwa na chakula au kinywaji. Zilizokuwa na mafuta ya taa, petroli, dawa za kuua wadudu, dawa za kuogeshea mifugo, rangi au tindikali ya betri ni habari nyingine kabisa.

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo na hutiwa katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu huiona chupa anayoijua na kudhani ni maji au soda. Mafuta hayo huingia kwa urahisi katika mapafu na kuyaunguza. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hapaswi kulazimishwa kutapika, wala kunyweshwa maziwa kwa nia ya kuua sumu, kwani anapotapika ndipo mafuta huingia mapafuni zaidi. Akimbizwe hospitalini mara moja, na chupa aliyoinywea ichukuliwe ili daktari aione.

Dawa za shambani na za kupe zina hatari zaidi. Wakulima wa nyanya na vitunguu hupulizia mimea dawa, na wafugaji huogesha mifugo yao kila mara. Mashirika ya kimataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yanashauri kwamba vyombo vya dawa hizo visuuzwe mara tatu, maji ya kusuuza yamiminwe ndani ya pampu ya kupulizia, kisha vyombo vitobolewe au vivunjwe ili mtu asivitumie tena. Kusuuza huko kunakusudiwa kupunguza sumu inayotupwa kwenye mazingira. Hakukifanyi chombo kufaa kwa chakula.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huiosha chupa ya dawa hadi harufu ikaisha, kisha wakaamini kuwa sumu nayo imekwisha. Pua si mashine ya kupimia sumu. Baadhi ya viuadudu havina harufu kali, na harufu inayosikika katika vingine hutokana na mafuta yaliyotumiwa kuviyeyusha. Mafuta hayo yanaweza kupaa na kutoweka huku sumu yenyewe ikisalia imeshikamana na kioo. Mtu anayeiondoa harufu hiyo huwa ameondoa onyo la pekee lililokuwapo.

Kwa hivyo, chupa ambayo historia yake haijulikani isitumiwe kwa chakula hata ikiwa haina harufu yoyote. Kwa mwuza asali anayenunua chupa kwa wachuuzi wa chupa na madebe, swali la kwanza si bei, bali ni chupa hiyo ilikuwa na nini. Chupa yenye nembo yake ya asili ni salama zaidi kuliko iliyobanduliwa, ingawa hata nembo haiwezi kuthibitisha kilichotiwa humo baadaye. Yenye harufu ya mafuta ya taa au ya dawa irudishwe papo hapo.

Mwisho wa chupa

Chupa isiyofaa kwa chakula si lazima iishie kwenye mtaro au katika malisho, ambako vipande vyake huwakata watoto na mifugo. Kajiado ina mfano unaojulikana hata nje ya nchi. Karibu na Kitengela, ukingoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, msanii mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze, alianzisha karakana ya vioo ambayo kazi yake iliendelezwa na mwanawe, Anselm Croze. Vioo vilivyotupwa huyeyushwa katika tanuri na kupulizwa kuwa bilauri, jagi, taa na mapambo.

Ndani ya tanuri la namna hiyo joto hupita nyuzi 1,000, na hakuna harufu ya maziwa, achari wala pombe inayoweza kustahimili. Hilo pia linathibitisha kwamba kioo chenyewe hakikuwa na kosa tangu mwanzo. Chupa za viuadudu, hata hivyo, zifuate maagizo yaliyoandikwa kwenye nembo na ushauri wa maafisa wa kilimo, wala zisichanganywe na nyingine.

Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawataka Wakenya kutenganisha taka tangu nyumbani. Boma likitenga chupa za chakula kando na zile za dawa na mafuta, kazi ya kuziosha huwa nusu imekwisha, maana anayeosha hana haja ya kukisia kilichokuwemo.

Kwa mwenye chupa kumi na mtungi mmoja wa maji, mambo ya kukumbuka ni machache. Aulize chupa ilikuwa na nini. Akitupe kifuniko cha zamani. Aanze kwa maji baridi, aloweke kwa magadi, asuuze mara tatu kwa maji kidogo kidogo, aikaushe ikiwa wazi, kisha aipime kwa maji ya moto. Ubani, ndimu za kunukia na manukato mengine aviache, kwani havitamsaidia endapo mabaki yangalimo ndani.